Monitrice na Dawa ya Kurudisha Weusi

Kwetu Bukavu, mtu akikukuta na mikono imelowa maji au imejaa unga, hakunyimi salamu. Unakunja kiganja, unamnyooshea kifundo cha mkono, anakishika, habari zinaendelea. Monitrice alitoa kifundo hata siku ya Dominika, ametoka kuoga, kitenge kimepigwa pasi, mikono mikavu kabisa. Nilimwona akifanya hivyo miaka mingi, barabarani Kadutu, kwenye matanga, mlangoni pa parokia. Watu walimshika haraka juu ya saa yake na kumwachia haraka, naye alijifanya hajaona haraka ile. Mimi niliiona, na kila mara ilinichoma.

Monitrice ndivyo tunavyomwita mwalimu wa kike wa uuguzi. Jina lake lilikuwepo, lakini nani alilitumia? Hata marehemu mume wake alimwita Monitrice mezani akiomba chumvi. Alinifundisha miaka minne, akaniita mutoto yangu kama alivyowaita wote, akanifukuza darasani mara mbili, na hata leo nikifunga bendeji ovyo nahisi yuko mgongoni kwangu anapumua kwa hasira.

Alikuwa mfupi, anatembea upesi, anasema upesi zaidi. Alitukataza kula tukitembea, eti infirmière, muuguzi, anayekula njiani atakula hata kwenye chumba cha wagonjwa. Kisha unamkuta akishuka kilima cha Muhungu na sambaza, visamaki vya ziwani, za kukaanga kwenye karatasi, anatafuna, na akikuona anaificha karatasi nyuma kama mtoto. "Niko napelekea mutu," anasema, mafuta yanang'aa mdomoni. Mutu gani, Monitrice?

Kwenye sindano hakuwa na mchezo. Alishika chupa ya dawa juu, darasa zima kimya, akauliza maswali matatu: "Nini iko ndani? Nani aliitengeneza? Ililala wapi?" Ukishindwa moja tu, anakuambia, "Weka chini." Hakuna cha kubahatisha. Tukiwa staji hospitalini, daktari mmoja kijana alimpa chupa isiyo na karatasi ya jina, akamwambia amdunge mgonjwa, yeye anaijua. Monitrice aliifungua, akaimwaga yote kwenye lavabo ya kunawia mbele ya macho yake. "Docteur, mi sijue hii kitu. Na weye haujue. Unakumbuka tu." Daktari alifura, akaenda kumshitaki. Monitrice akaenda kunywa chai.

Na wasichana waliojichubua! Ole wako uingie darasani kwake uso umekuwa mwekundu na vidole vimebaki vyeusi. Alikusimamisha mbele, akashika shavu lako, akaligeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Ngozi haiko bluzi, eti utaivua uvae ingine. Mungu alikupa moya. Ukiiharibu, utatembea na nini?" Tulicheka. Aliyesimamishwa hakucheka, alilia. Monitrice alikuwa na roho nzuri na mdomo mubaya, na siku nyingine mdomo ulitangulia sana.

Kisha Mungu huyohuyo, kama ni yeye, akaanza kumvua yake.

Ilianzia kwenye ncha za vidole, doa jeupe hapa, doa jeupe pale, likasogea mpaka viganja vya mikono yote miwili vikawa vyeupe kabisa nje na ndani, na pembe za mdomo, na vidole vya miguu, na kipande kikubwa kwenye muundi wa mguu wa kuume. Madaktari wana jina lake, vitiligo. Watu wa mtaani hawana haja na jina la madaktari, walisema bukoma. Monitrice alipigana nao kwa masomo. Alisimama sokoni kati ya maharagi na mboga za lenga-lenga akaeleza kwa sauti kwamba hiyo haiambukizi, haiumi, haiozeshi, ni chembe zinazotengeneza rangi ndiyo zimekufa, basi. Wauzaji walimsikiliza vizuri sana, wakaitika ndiyo ndiyo, kisha wakaweka chenji yake juu ya meza asiipokee mkononi mwao.

Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni la kanisani.

Alikuwa mhudumu wa komunyo. Padri anasimama katikati, yeye anasimama kushoto na kikombe cha hostia, mistari miwili inatembea. Kazi hiyo aliipenda kuliko mshahara wowote, kuliko darasa, na nadhani kuliko ndoa yake, Mungu anisamehe. Siku nyingine zote alikuwa mkali. Pale alikuwa mpole, uso umetulia, "Mwili wa Kristu" inatoka kwake kama siri anayokuambia wewe peke yako. Mikono ilipogeuka, mstari wake ukaanza kupungua. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyesema neno. Mtu anakuja kwenye mstari wake, anakaribia, halafu anajidai kukohoa, anavuka upande wa Padri. Mwingine anavuka. Mwingine. Mwishowe mstari wa Padri unafika mlangoni na mbele ya Monitrice kuna vikongwe wawili wasioona vizuri, na mimi.

Alinunua ganti nyeupe za kitambaa za kuvaa mikononi. Zikawa mbaya zaidi, maana wasiojua sasa waliuliza.

Kitu alichokitaka duniani kilikuwa hicho tu: mikono yake irudi nyeusi, watu wapokee kwake bila kuruka mstari. Hakuomba uzuri. Hakutaka mume mwingine. Nikisikia watu wakisema mama wa umri ule alikuwa anatafuta ujana, nataka kuwapiga makofi.

Siku aliyoniita nyumbani ilikuwa mchana wa Jumanne. Nilikuta meza imetandikwa kitambaa safi, pamba, alkoli, sindano mpya ndogo, na termos yenye barafu aliyoiomba kwenye frigo ya jirani. Ndani ya termos mlikuwa na chupa tatu za kioo ndogo kama kidole, zina unga mweupe chini. Karatasi ya gundi ilikuwa na namba tu. Mpwa wake anayefanya kazi ya urembo huko Bulaya alizituma kwa msafiri. Kule, akasema Monitrice, wazungu wanajidunga hii kitu mbele ya likizo ili ngozi igeuke kahawia kabla ya jua kuigusa.

"Wazungu?" nikasema. "Banajidunga juu ya kuwa beusi?"

"Beusi kidogo. Kidogo tu, basikuye sawa sisi." Akacheka, na mimi nikacheka, Mungu wangu, tulicheka sana siku ile.

Kisha nikamwuliza. Nini iko ndani, nani aliitengeneza, ililala wapi njia yote toka Bulaya mpaka hapa?

"Usinifundishe masomo yangu." Akavua ganti, akaweka mikono juu ya kitambaa. "Dominika ilipita, batu bane. Bane, mutoto yangu! Niko nachoka. Weye haujue vile niko nachoka."

Kwa nini hakujidunga mwenyewe? Kwa sababu alikuwa na kanuni kwamba munganga hajitibu. Zile nyingine zote alizivunja mbele yangu mchana ule, lakini hiyo aliishika, na ndiyo iliyonitia mimi ndani. Nikachanganya unga na maji ya sindano, nikavuta, nikabana ngozi ya tumbo lake, nikadunga. Alikuwa amenifundisha vizuri.

Robo saa haikuisha uso wake ukawaka, masikio yakapata moto, akakimbia nyuma ya nyumba akatapika bugali yote ya mchana. Akarudi akapiga miayo. Alipiga miayo na kujinyoosha, miayo na kujinyoosha, mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Hii dawa iko nanigeuza paka." Wiki zile hamu ya chakula ilimtoka, hata sambaza hakuzitaka. Kulikuwa na mambo mengine mwilini ambayo mjane wa rika lake hawezi kumwambia mwanafunzi wake, akaniambia nusu, tukaangalia pembeni wote wawili.

Na weusi ulikuja. Ulikuja kweli! Uso, shingo, mikono kutoka kiwiko mpaka kifundo, vyote viligeuka kama chini ya sufuria. Vidoadoa vya kuzaliwa ambavyo havikuonekana vikatokeza, na vipya vikaongezeka mgongoni. Mahali peupe pakabaki peupe vilevile. Sasa ilikuwa vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu zamani weupe ulikuwa umekaa kwenye kahawia, na leo umekaa kwenye mkaa. Mtu akiwa mwisho wa kanisa anaona viganja viwili vyeupe vinainuka peke yao. Daktari mmoja alinieleza baadaye, nikaona aibu kwamba sikuliwaza mwenyewe: dawa ile inaiga ujumbe wa mwili, inaiamuru ngozi itengeneze rangi. Kwenye viganja vya Monitrice chembe za kuipokea amri zilikuwa zimekufa zamani. Amri ilifika kwa wale tu ambao hawakuihitaji.

Yeye aliona kingine. "Dozi iko kidogo," akasema. Ndivyo anavyofikiri mtu aliyefundisha dozi maisha yake yote: dawa haikosei, kipimo ndicho kimekosewa. Tukaongeza. Nikaendelea kumdunga mara mbili kwa wiki, chupa zikiisha zinakuja nyingine. Niliendelea, niliona haisaidii, na niliendelea. Nilimwogopa? Nilimpenda? Sijui, na sina hamu ya kujipa sababu nzuri.

Basi tufuatilie kwa kanuni, akasema, na akajifungulia fishi, kadi ya hospitali, kama mgonjwa. Alichora mwili wa mtu jinsi alivyotufundisha kuuchora kwenye fishi za wagonjwa, mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, mikono imeachana na mbavu. Kila Jumamosi alisimama mbele ya kioo, mimi nikakagua mgongo na rula, na kila doa jeusi jipya likapata mahali pake kwenye mchoro, na tarehe, na milimita. Fishi ile ilikuwa nzuri, ungeweza kuitundika ukutani shuleni. Hatukukosa kitu. Tulikagua mpaka nyuma ya masikio.

Lakini mtu wa kwenye mchoro wetu amesimama. Mbele yupo, nyuma yupo, na nyayo zake hazipo, kwa sababu katika shule zote za uuguzi ninazozijua tunachora hivyo. Miezi yote ile hakuna kati yetu aliyeinua mguu wa Monitrice akaangalia chini. Wanganga wawili! Ningekuwa mkulima wa Walungu nisiyejua kusoma ningeangalia.

Mguu ule ulikuja kuinuliwa Alhamisi Kuu. Padri anachagua waumini kumi na wawili awaoshe miguu, na mwaka ule alimchagua Monitrice, makusudi, nina hakika, ili parokia iliyomkimbia ione. Mimi nilikuwa kwaya, mbele, kulia. Alivua kiatu, akavua soksi, kanisa lote likaanza kunong'ona juu ya vidole vyake vyeupe. Padri akapiga magoti, akaushika mguu kwa kisigino, akauinua juu ya beseni, akamwaga maji. Kutoka pale nilipokaa niliona wayo. Karibu na kisigino palikuwa na doa jeusi sana, kubwa kama haragi, upande mmoja limechongoka na upande mwingine limesambaa kama wino kwenye karatasi mbichi. Padri akapangusa, akainama, akabusu mguu kama ibada inavyotaka. Watu wengine walilia kwa uzuri wa jambo lile. Mimi sikuweza kuimba tena.

Nilimkamata nyuma ya sakristia.

"Monitrice, ile kitu iko chini ya muguu."

"Iko muiba. Ilinichoma kwa shamba."

"Tangu lini?"

"Sijue."

Yeye, aliyekuwa na tarehe ya kila doa, hakujua. Akavaa kiatu na kwenda zake.

Wiki tatu nilimsumbua ndipo akakubali kwenda lopitali. Daktari alikata kipande, kikapelekwa mbali kwenye maabara, na kwa jinsi barabara na ndege zilivyo siku hizi jibu lilichukua muda mpaka nikadhani limepotea. Lilikuja: ni kansa, ile ya chembe za rangi zenyewe. Daktari hakutudanganya. Alisema hakuna anayeweza kuapa kwamba sindano ndiyo iliyoileta. Huenda ingekuja tu, watu weusi huipata hivyo kwenye nyayo. Lakini kudunga kila wiki dawa inayozihimiza chembe zilezile, na unga ambao hakuna anayejua una nini, kukome leo. Na kisigino kikatwe sasa, na kama hakitoshi, mguu.

"Docteur, unipatie miezi mbili," akasema Monitrice. "Mikono iko karibu."

Mikono haikuwa karibu! Ilikuwa myeupe kama siku ya kwanza. Nilimpigia kelele pale pale ndani ya ofisi ya daktari, mimi niliyekuwa sijawahi kumpandishia sauti. Nilimwambia ni kichaa, nilimwambia yeye ndiye wa kumwaga dawa kwenye lavabo, leo anaikumbatia kama mtoto. Aliningoja nimalize.

"Bakikata muguu, ntasimama namna gani mbele ya altare?"

"Ukikufa utasimama namna gani?"

Barabarani nilimwambia mimi sidungi tena, atafute mwingine. Akasema vizuri, kwa adabu, kama mtu anayeagana na mgeni: "Basi ntajidunga." Na alijidunga. Kanuni ya mwisho aliivunja kwa ajili yangu, kwa sababu nilitaka kunawa mikono. Ningeingia nyumbani kwake nikabeba ile termos nikaitupa ziwani. Ni dakika kumi kwa miguu. Sikwenda. Nilisema ni Monitrice wangu, nitamnyang'anyaje? Leo nasema ningemnyang'anya, ningemfunga hata kamba.

Alikubali kukatwa kisigino wakati kinena kilishavimba, kansa imepanda. Hapo daktari alikata kisigino kwa huruma tu. Kanisani alikuja na fimbo mara chache, akakaa nyuma, wala hakuna aliyemwambia asihudumu, ila kikombe kilikuwa na mtu mwingine. Kisha mdogo wake akamchukua kwake Nyangezi.

Nilikwenda kumwona mwezi uliopita. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ilinishusha mbali, nikafika nimejaa udongo mpaka magotini, na mdogo wake, mama mnene mwenye furaha nyingi, akanikaribisha kwa vigelegele na kukimbilia jikoni. Monitrice alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, mguu juu ya stuli. Alikuwa amekonda, ule weusi wa sindano umeanza kumpauka usoni. Nilisema Monitrice, umepungua. Akasema na weye umenenepa, unakula njiani.

"Funga mulango," akasema.

Nikafunga. Akapandisha kitenge mpaka gotini. Kwenye muundi wake, ndani ya kile kipande kikubwa cha weupe alichokuwa nacho miaka yote, palikuwa na vidoti vyeusi. Sita, saba. Vya chini vikubwa, vya juu vidogo, vinapanda kuelekea gotini.

"Dada yangu aliviona wa kwanza," akasema. "Alinipigia magoti, alishukuru Bikira. Eti rangi iko narudi."

Rangi ikirudi kwa watu wa ugonjwa ule hurudi hivyo, vidoti vidoti. Nilisoma. Yeye ndiye aliyenipa kitabu. Ila rangi ni laini, ukipitisha kidole husikii kitu, na hivi hata kwa macho niliona vimeinuka, vyeusi kama lile doa la wayo. Nilipiga magoti, nikanyoosha kidole.

"Usibonyeze."

Nikasimamisha mkono.

"Mi nilishabonyeza," akasema polepole. "Weye ukibonyeza, utalia, na huyu mutu wa jikoni hajue kitu. Angalia tu."

Nikaangalia tu. Nilitaka kumwomba msamaha na maneno yote niliyoyapanga kwenye pikipiki yalikuwa yamenitoka, nikabaki napiga magoti kwenye sakafu ya saruji, natazama muundi wa mwalimu wangu. Mlango ukasukumwa. Mdogo wake akaingia na sinia, birika na mihogo ya kuchemsha, akaona kitenge kimepandishwa, uso wote ukamng'aa.

"Alikuonyesha! Weye uko munganga, sema. Inarudi, haiko vile?"

Monitrice hakunisaidia. Alikuwa ananitazama kama siku za mtihani, mikono yake myeupe imetulia mapajani, anangoja.

"Iko narudi, mama," nikasema.

Mama yule akaweka sinia chini akapiga makofi. Monitrice akashusha kitenge, akalainisha mikunjo yake, akaniambia ninywe chai kabla haijapoa.